Mkalimani Aliyekataa Kulainisha Maneno

Kwa miaka yote niliyomjua, sikumsikia mtu akimwita kwa jina. Makarani wa mahakama walimwita Madam. Wauza mboga sokoni Busia walimwita Mama Koti, kwa sababu kwao koti ni mahakama. Sisi majirani tulimwita Mkalimani, kwani hiyo ndiyo kazi aliyoifanya: alisimama kati ya hakimu na mtu asiyejua Kiingereza, akayahamisha maneno ya huyu kwenda kwa yule. Alijua Kisamia, Kidhopadhola, Kiteso, Kijaluo na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, kile chetu cha Uganda tunachokikatakata na kile cha ng'ambo ya Kenya alichokisema kwa madaha kidogo akiwa na wageni.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na pale mahakamani alisimama miguu ikiwa imeachana kama mtu anayesubiri kutwishwa gunia. Mtu akianza kusema, yeye alifumba macho. Mtu akimaliza, aliyafumbua, kisha akasema. Hakusema "anadai kwamba" wala "anasema eti." Mshtakiwa akisema "niliiba kuku," Mkalimani naye alimwambia hakimu kwa Kiingereza, "niliiba kuku," kwa sauti ileile ya kawaida. Waliokuja mara ya kwanza walicheka kumsikia mama mzima akikiri kwamba alimpiga mkewe. Yeye hakucheka.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba alikasirika kizimbani akamtukana hakimu kwa Kiteso. Karani alimkonyeza Mkalimani aliruke hilo. Mkalimani hakuruka kitu. Alilitoa tusi lote, pamoja na sehemu iliyohusu masikio ya hakimu. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, mheshimiwa. Kwa Kiteso ni kibaya zaidi."

Hakimu akacheka, mzee akaonywa, kesi ikaendelea. Lakini karani alimnunia mwezi mzima, na yeye akamwacha anune.

Tulikaa kwenye mstari mmoja wa vyumba vya kupanga, nyuma ya barabara ambako malori husimama yakingoja kuvuka. Yeye alikaa chumba cha mwisho. Mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, Awor wa miaka tisa na Okoth wa miaka mitano, tulikaa cha tatu. Kila jioni alifua blauzi yake ya mahakamani na kuianika ndani, kwa sababu ya vumbi la malori. Uji wa ulezi aliunywa akiwa amesimama. Aligombana na redio. Mtangazaji akisema "wananchi wamefurahi," yeye aliuliza kwa sauti, "Wangapi? Umewahesabu?"

Hakuwa mtu laini. Hakubeba watoto wa watu wala hakuwaambia ni wazuri. Lakini Awor wangu alipenda kukaa kwenye kizingiti chake, kwa sababu, aliniambia, yule mama ukimwuliza kitu anajibu kile ulichouliza.

Ukienda kwake na malalamiko ulitoka umechoka. Jirani yetu mmoja alimwambia mumewe anampiga siku zote.

"Siku zote? Jumatatu alikupiga?"

"Hapana, Jumatatu alikuwa safarini."

"Jumanne?"

"Mama, we nawe. Nasema ananipiga."

"Nimesikia anakupiga. Nataka siku, kwa sababu wakili wake atazitaka. Ukisema siku zote, atatafuta siku moja ambayo hakukupiga, na hapo utaonekana mwongo wewe, na si yeye."

Yule jirani alitoka akimwita mchawi. Wiki mbili baadaye alirudi na daftari la shule ambalo alikuwa ameandika tarehe.

Na bado, mwanamke huyo aliyetaka tarehe za watu alikuwa na miaka hamsini kamili tangu siku niliyomfahamu hadi siku aliyostaafu. Ukimwuliza, alijibu hamsini bila kupepesa jicho. Nilimwambia mara moja kwamba huo ni uongo. Akasema hakuwa ameapishwa.

Mume wangu hakuwa jambazi, nami sitaki kumsema zaidi ya alivyokuwa. Alikuwa fundi wa matairi ya malori, mchapakazi, na kwa miaka kadhaa tuliishi vizuri. Kisha akaanza kulala nje, kisha nikajua analala kwa nani, kwenye njia ya kwenda Tororo. Nilimwambia nataka tuachane kwa sheria, kila mtu ajue mahali pake. Alicheka, akavaa viatu, akatoka.

Mimi nilikuwa nikichukua mukene, wale dagaa wa ziwani, kule Majanji na kuwauza sokoni. Wiki iliyofuata nilikwenda kama kawaida nikamwacha dada yangu na watoto. Mvua ilinyesha, dagaa hawakukauka, nikakaa siku mbili. Niliporudi nilimkuta dada yangu analia na msumari wa kutundikia sare za shule ukiwa mtupu. Baba yao alikuja na gari la rafiki yake, akawapeleka kwa mama yake huko Paya. Nilimpigia simu.

"Watoto iko kwetu," akasema. "Wewe endelea na samaki yako."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniandikia barua. Nikaenda kwa ofisa wa watoto, akanisikiliza, akaniambia njia ni mahakama. Nikapeleka ombi la talaka na la kukaa na watoto wangu. Siku ya kusikilizwa nilivaa gauni langu la kanisani, na nilipomwona Mkalimani amesimama mahali pake nilishusha pumzi. Nilijiambia, huyu ni wa kwetu.

Wakili wa mume wangu hakuwa mkali. Aliuliza kwa upole kama mtu anayetafuta njia, akiniita nyabo, yaani bibi.

"Mtoto alipougua homa mwezi wa pili, nyabo, ulikuwa wapi?"

"Majanji."

"Na siku ya kufunga shule?"

"Majanji."

"Na baba yao alipowachukua?"

Nilitaka kueleza kuhusu mvua. Nilitaka kueleza kwamba sare walizovaa zilitoka kwenye hao hao samaki. Badala yake nikasema kwa Kisamia, kwa sauti ambayo mpaka walioko nje waliisikia: "Basi awachukue. Mimi nimechoka nao. Waende wakale huko kwao, tuone kama ataweza."

Mkalimani alikuwa amefumba macho. Kwa muda ule mfupi nilimwomba moyoni. Hakimu hakujua Kisamia, wala wakili. Angeweza kusema nimeumia. Angeweza kusema nimeomba maji. Alifumbua macho na kusema yote, neno kwa neno, hata lile la kuchoka, na Kiingereza changu kidogo kilinitosha kulisikia. Hakimu akaandika. Tuliporudi baada ya chakula cha mchana alisema watoto wabaki Paya mpaka ofisa wa watoto alete ripoti.

Sikumsalimia siku tatu. Nilipomsikia anafungua mlango, nilifunga wangu. Siku ya nne alikuja akasimama mlangoni kwangu, blauzi yenye maji mkononi.

"Uliyasema au hukuyasema?"

"Nilikuwa na hasira."

"Sikuuliza hasira. Uliyasema?"

"Niliyasema. Na wewe ungeweza kunisaidia, Mama. Ulikuwa na nafasi."

"Ningeacha neno lako leo kwa sababu wewe ni jirani yangu," akasema, "kesho ningeacha la mwanamke mwingine kwa sababu simpendi. Na mume wako naye ana majirani, Mama Awor. Unataka mkalimani ambaye ni jirani yake?"

Nilimwambia aondoke. Hakuondoka.

"Nimemwandikia hakimu kwamba tunakaa nyumba moja. Kesi yako sitaitafsiri tena. Watamleta mwingine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuanzia leo nakufundisha kusema. Mahakama haijakufunga mdomo. Itakuita tena, na ukienda kama ulivyokwenda, nitakuwa sina kosa nawe utakuwa huna watoto."

Nilimchukia na nikamkaribisha ndani, vyote viwili kwa pamoja.

Tulianza jioni hiyo. Alinikalisha juu ya jerikeni, yeye akakaa kitandani akawa wakili. Nilianza: "Mimi ni mama ambaye tangu zamani nimehangaika sana kwa ajili ya hawa watoto, na Mungu ni shahidi."

"Nyamaza. Hakimu ameshalala. Ukiwa Majanji, nani yuko na watoto?"

"Ndugu zangu wananisaidia."

"Nani?"

"Dada yangu."

"Ana jina?"

"Nekesa."

"Basi sema: nikiwa Majanji, dada yangu Nekesa anakaa na watoto, chumba hichohicho. Hilo ni neno. Sema sentensi ambayo hata mkalimani mbaya hawezi kuiharibu."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, jioni baada ya jioni. Aliniagiza nitafute kadi za kliniki za watoto, na nikazipata chini ya godoro zimekunjamana. Aliniagiza nimwombe mwalimu wa darasa barua inayosema nani huja shuleni akiitwa. Nilipolia alingoja. "Lia hapa," alisema. "Lia mpaka machozi yakauke. Kule mbele kuna kazi." Nilipomwita mume wangu mbwa alinisimamisha.

"Huyo mbwa ndiye baba yake Awor. Mtoto akiulizwa jina la baba aandike nini?"

Kitu kimoja alinikatalia kabisa. Nilikuwa na shangazi ng'ambo, upande wa Kenya, na nilikuwa nimepanga niende Paya asubuhi, niwachukue watoto wakiwa njiani kwenda shule, nivuke nao mpaka kabla ya saa sita. Nilikuwa nimeshaongea na mwenye bodaboda. Nilipomweleza, aliweka chini kikombe.

"Ukifanya hivyo, mtu wa kwanza kumwambia hakimu nitakuwa mimi."

"Wewe ni jirani wa namna gani?"

"Jirani aliyewahi kufanya hivyo," akasema.

Ndipo nilipojua kwamba ana binti. Nilikuwa nimekaa naye mstari mmoja miaka sita sijui. Yeye na mumewe, mtu wa ng'ambo, walipoachana, mume alibaki na mtoto. Mkalimani alimchukua langoni mwa shule, akavuka naye, akamficha kwa rafiki. Baadaye walikwenda mahakamani, na kwa kuwa alijua kusema, alishinda. Alipewa karatasi. Jioni ile ya ushindi, wakiwa wawili chumbani, alimwuliza mtoto wa miaka minane, "Unampenda nani zaidi, mimi au baba?"

"Akanyamaza," aliniambia. "Nikauliza tena. Akanyamaza. Hakusema neno siku mbili. Si kwangu, si kwa mtu yeyote. Mimi, ambaye naishi kwa kusema maneno ya watu, nimekaa na mtoto wangu na sina hata neno lake moja. Siku ya tatu nilimfunga viatu nikamrudisha kwa bibi yake, na karatasi ya mahakama iko ndani ya mkoba. Ninayo mpaka leo. Nilishinda kesi, Mama Awor."

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alivuka mpaka kwenda kumwona. Mara ya kwanza alipofika, yule bibi alitaka kumfukuza, na yeye akamwambia ametumwa na ofisi. Hakukuwa na ofisi. Huo ni uongo wa pili ninaoujua. "Usije ukamwuliza mtoto swali hilo," alisema. "Mwulize amekula nini."

Nilimpigia simu mwenye bodaboda nikamwambia asije.

Wiki iliyofuata wazee wa ukoo wa mume wangu walituita Paya. Walisema mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani. Mimi Kidhopadhola nakisikia kidogo tu, na mjomba wa mume wangu, ambaye alikuwa akimfahamu Mkalimani kutoka mahakamani, alimwomba aje anitafsirie uamuzi wao. Alikubali upesi mno. Ningepaswa kushuku.

Tulikaa uani kwa mama mkwe, wazee sita kwenye viti, mimi na dada yangu mkekani. Mkalimani alisalimia akipiga magoti kwa kila mzee, kama desturi ya hapo, akachukua muda wake, akanyanyuka, akaja kukaa kwenye kiti karibu yangu. Mjomba alianza kuzungumza na wenzake. Mkalimani akafumba macho, akafumbua, akaniambia kwa Kisamia, kwa sauti ya kusikika uani kote:

"Anasema mwanamke huyu tumtishe na ng'ombe wa mahari, ndugu zake hawana hata mbuzi, atanyamaza mwenyewe."

Wazee watatu walikijua Kisamia vizuri. Mmoja alikohoa.

"Mama," mjomba akasema kwa Kiswahili, "hiyo maneno hatukuambia yeye. Wewe ngojea, tutakupa ya mwisho."

"Mmeyasema mbele yake, mzee wangu. Mkitaka asisikie, nyamazeni."

Mzee mwingine akamnong'oneza jirani yake kitu. Mkalimani akageuka kwangu. "Anasema huyu mama wa mahakama amezeeka vibaya." Kisha akaongeza, kwa heshima kabisa, "Nina miaka hamsini."

Kuanzia hapo kila neno lilipita. Walipopandisha sauti, alipandisha. Waliponong'ona, alisogeza kiti. Walisema watoto ni wa ukoo, akanipa hilo, nami nikajibu kwamba sijasema si wa ukoo, nasema wanakaa na mama yao na kusoma shule walikozoea. Akawapa hilo kwa Kidhopadhola bila kuongeza chumvi. Walisema ng'ombe warudi kwanza ndipo kuwe na talaka. Hapo alifumba macho muda mrefu kidogo, akanipa neno lao, halafu akaomba ruhusa aseme lake kama jirani, si kama mkalimani.

"Wazee, kurudisha ng'ombe si sharti la talaka. Sheria ya nchi hii imeshalimaliza hilo. Mnaweza kumtisha nalo hapa uani. Mbele ya hakimu mtajitisha wenyewe."

 Ndipo mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa jiko na hakuna aliyemwomba kusema, alisema maneno machache chini chini, bila kumtazama mtu. Mjomba alimkataza kwa mkono. Mkalimani hakuyatoa upesi kama yale mengine. 

"Anasema: Okoth hali. Nampikia kila kitu, hali. Anakaa na viatu miguuni mpaka wakati wa kulala, anasema mama akija asimkute hajavaa. Anasema: mimi ni mzee, sitaki kuwa na dhambi hii."

Nilikuwa nimeapa sitalia Paya. Nililia. Mama mkwe alinyanyuka akaingia jikoni, na baada ya muda alitoka na watoto. Wazee hawakuamua chochote siku ile. Nilikaa na Awor na Okoth mpaka saa kumi, kisha nikawaacha pale, kwa sababu amri ya mahakama ilisema wabaki, na Mkalimani alikuwa amesimama njiani akinitazama kama nitaivunja. Okoth alinifuata mpaka kwenye shamba la muhogo. Nilimwambia nitarudi, na nikamwuliza amekula nini. Nilitembea mpaka barabarani bila kugeuka. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo, na nilimwambia Mkalimani kwamba sitamsamehe. Akasema sawa.

Ofisa wa watoto alikwenda Paya, akaja kwetu, akaona chumba, akaongea na dada yangu na mwalimu. Siku ya pili ya kesi mkalimani alikuwa kijana mpya mwenye tai, mwepesi, anayekimbilia mwisho wa sentensi kabla mtu hajafika. Mkalimani wetu alikaa benchi la nyuma kabisa kama mtu mwingine yeyote.

Hakimu mwenyewe alinisomea maneno yangu ya siku ile. Akaniuliza nina la kusema.

"Niliyasema," nikajibu. "Yalikuwa ya hasira. Si kweli. Nawataka watoto wangu."

Kijana akatafsiri.

"Nikiwa Majanji, dada yangu Nekesa anakaa nao. Yuko hapa. Baba yao anawapenda. Akitaka kuwaona, mlango uko wazi."

Kijana akatafsiri. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Wakili akauliza kama ningekuwa tayari kuacha biashara ya samaki. Nikamwuliza kama mume wangu ameombwa aache matairi. Watu wakacheka, na hakimu akamwambia wakili aendelee na swali jingine.

Talaka ilitolewa. Watoto walirudi kwangu kwa muda wa shule, likizo zikagawanywa, na baba yao akapewa Jumapili. Mwanzo alikosa Jumapili nyingi kwa kisirani, kisha akaanza kuja. Siku hizi huja na soda, anakaa nje kwenye kiti, anamsaidia Okoth hesabu. Hatujawa marafiki. Tunasalimiana. Mama mkwe, mpaka anafariki, nilimpelekea dagaa kila nilipopita Paya.

Mkalimani hakunipongeza. Nilimpelekea sahani ya samaki wa kukaanga, akairudisha nzima nzima. Alisema watu watasema alinunuliwa. Nilimwambia kesi imekwisha. Akasema za wengine hazijaisha. Lakini chapati za dada yangu alikula nne, akiwa amesimama, na alipoulizwa alisema chapati ni unga tu.

Alipostaafu alihama Busia akaenda Sop Sop, ambako alikuwa amejinunulia kipande cha shamba. Niliambiwa kwamba wanaume wa pale walikuja kumwuliza mwenye shamba ni bwana gani, wapate kuongea naye kuhusu mpaka. Aliwaambia mwenye shamba ndiye anayewajibu, waongee. Walirudi mara mbili kuona kama kuna mwanamume. Mara ya pili aliwakuta kwenye njugu zake akawapa majembe, na nasikia walilima mstari mmoja kwa kuchanganyikiwa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, pale mpakani. Nilikuwa natoka sokoni na gunia la mukene kichwani. Alikuwa ameketi kwenye benchi la abiria, amezeeka kweli, mguu mmoja umevimba umewekwa juu ya mkoba. Kando yake alikuwa binti mwembamba aliyeshika bahasha kwa mikono miwili.

"Mama Awor," akasema, bila salamu, "huyu ni wa Majanji. Mumewe amewavusha watoto wawili, yuko nao ng'ambo. Ofisa wa watoto wa upande ule amewaita wote saa nne. Alinifuata Sop Sop, nimekuja naye asubuhi, na sasa mguu umekataa."

"Pole, Mama. Nikuitie bodaboda?"

"Bodaboda ya nini? Anasema Kisamia tu. Kiswahili chake ni cha kununua chumvi. Wewe unajua vyote viwili. Nenda naye."

"Mama, nina mzigo."

"Samaki wako ni wakavu. Hawataoza."

Nilimweleza kwamba mimi si mkalimani, kwamba sijasomea, kwamba ofisi za watu zinanitia kizunguzungu mpaka leo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza mguu wake uliovimba, akaonyesha nafasi kwenye benchi ya kuweka gunia.

Nililiweka. Yule binti alinyanyuka, na tukaanza kutembea. Tulipopita ofisi za forodha aliniuliza kama wale watu wa ng'ambo ni wakali. Nikamwambia sijui, wa kwetu nilishawazoea.

Ofisini mlinzi alituzuia mlangoni. Alisema aingie mwenye kesi peke yake, jamaa wangoje nje. Nikamwambia mwenye kesi hajui lugha yao, na maneno yake nitayasema mimi. Aliuliza kitambulisho cha kazi. Nikasema sina, na tukapita wakati bado anafikiria. Ndani kulikuwa na meza na viti viwili. Kwenye kimoja alikuwa ameketi mume, mguu juu ya mguu. Nilikivuta cha pili nikamkalisha binti.

Ofisa aliinua kichwa. "Na wewe ni nani yake?"

"Jirani," nikasema, ingawa nilikuwa nimemjua kwa nusu saa. "Nitasema anachosema, na nitamwambia mnachosema, chote. Lakini kwanza naomba kiti."

"Mama, viti vimekwisha."

"Tutangoja," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama binti, akamwita mlinzi. Kiti kikaletwa.